Haidrojeni kutoka kwenye mvuke kwa taa ya kucha: tumia chupa mbili, moja iwe gizani

Usiku wa kwanza nilipiga kigelegele. Bomba la sindano nililounganisha na chupa lilikuwa limepanda mililita 18 ndani ya saa moja, na mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu, alikwishaandika kwenye daftari lake: "Haidrojeni, ml 18." Tukazima taa tukalala. Alfajiri, nikienda kuchota maji ya udhu, nikaichungulia ile chupa. Bomba limerudi sifuri. Haidrojeni haikuwemo hata chembe. Kilichopanda ni hewa iliyopashwa na taa, nayo ilipopoa ikajikunja ikarudi ilikotoka.

Mimi ni fundi maabara mstaafu, naishi Ngamiani, Tanga. Miaka 31 nimewaandalia watoto wa watu asidi na mirija, halafu hewa ya moto ikaja kunichezea shere sebuleni kwangu mwenyewe. Kwa hiyo maelekezo haya yana chupa mbili tangu mwanzo: moja inapata mwanga, ya pili imefungwa gizani. Mtu akikuonyesha haidrojeni aliyoitoa kwa mwanga na hana chupa ya giza, mwambie arudi akaitengeneze kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya shule. Kijana alitaka kuonyesha kwamba mvuke wa maji ya bahari unaweza kupasuliwa kwa mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, ukatoa haidrojeni. "Shangazi, inawezekana?" Nikamwambia inawezekana, ila subiri tuone ni kiasi gani.

Mvuke peke yake hauujali mwanga wa taa tuliyotumia, unaupisha tu. Maji huanza kuunywa urujuanimno wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 190 hivi, na mwanga wa namna hiyo hata jua la Tanga la saa 7 mchana halituletei, unaishia huko juu angani. Lazima awepo mshenga katikati, na mshenga wetu ni dioksidi ya titani, ule unga mweupe ulio kwenye rangi za nyumba na kwenye losheni za kukinga jua. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walichapisha jaribio la fuwele ya unga huo iliyounganishwa kwa waya na platinamu ndani ya maji: fuwele ikipigwa na urujuanimno, oksijeni inatoka upande wake na haidrojeni upande wa platinamu.

Mwanga ukiigonga titani, elektroni inaruka kutoka kwenye kiti chake. Kiti kilichobaki kitupu kina njaa kali, kinanyang'anya elektroni kwa molekuli ya maji iliyo jirani, na maji yale yanavunjika. Ile elektroni iliyoruka, ikipata pa kushukia, inakutana na protoni (haidrojeni ya maji iliyopoteza elektroni yake), na wawili wawili wanaungana kuwa haidrojeni. Shida ni kwamba elektroni ni kama abiria aliyenyanyuka kidogo ndani ya daladala: asiposhushwa upesi anarudi kukaa palepale, na nguvu yote ya mwanga inaishia kuwa joto. Ndiyo maana juu ya unga tunaweka madoa ya shaba. Shaba ndiye konda, anaishika elektroni na kuishusha kituoni. Wenye fedha huweka platinamu.

Na kwa nini mvuke, si maji yenyewe? Ukizamisha sahani, yaani kipande cha kioo kilichopakwa unga, ndani ya maji, mapovu yanaing'ang'ania na kuukinga mwanga, na maji ya bahari yanakuachia chumvi juu ya kazi yako, gramu 35 hivi kwa kila lita. Mvuke unapanda peke yake, chumvi inabaki chini. Sisi wa pwani hilo halihitaji mwalimu, mashamba ya chumvi tunayaona. Hewa iliyoshiba mvuke kwenye nyuzi 30 inabeba gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo, yaani miligramu 12 ndani ya chupa ya mililita 400. Ni tone dogo, lakini likipasuliwa lote lingetoa haidrojeni karibu mililita 16, na linalotumika linajazwa na dimbwi la maji lililo chini ya chupa.

Taa na unga

Taa niliazima kwa dada wa saluni, ile ya kukaushia rangi ya kucha. Hapa uwe na macho. Zile mpya za vitone vidogo (LED) nyingi zinatoa mwanga wa nanomita 405, na titani ya aina ya anatasi haiushiki mwanga wowote uliozidi nanomita 388 hivi. Unataka ile ya kizamani, kama kibanda, yenye mirija minne ya wati 9, na kwenye mrija pameandikwa 365. Trei yake ya chini inachomoka, kwa hiyo unaisimamisha juu ya chupa kama paa. Mwanga wa 365 unapita vizuri kwenye kioo cha kawaida. Taa za kuua vijidudu, zenye 254, usiziguse: kioo kinazizuia, kazi hazikufanyii, na macho zinayachoma usijue mpaka usiku yanapoanza kuwasha kama yametiwa mchanga. Hata hii ya kucha usiichungulie. Ifunike na boksi.

Unga ulinipotezea siku tatu. Nilinunua unga mweupe kwa muuza rangi nikijua titani ni titani. Hapana. Watengeneza rangi wanaivika kila chembe ya titani koti jembamba la silika na alumina, makusudi, ili jua lisiifanye iile rangi yenyewe. Umewahi kupitisha kidole kwenye ukuta uliopakwa rangi ya bei rahisi miaka mingi, kidole kikatoka cheupe kama umeshika chaki? Mara nyingi hapo titani imekula gundi ya rangi kwa msaada wa jua. Kwa fundi wa rangi huo ni ugonjwa, kwetu sisi ndiyo dawa. Kwa hiyo agiza unga wa anatasi usiovikwa kitu, kwenye maduka ya vifaa vya maabara Dar es Salaam. Gramu 10 zitakutosha na za kumgawia jirani.

Kutengeneza sahani

Mwambie fundi vioo akukatie vipande vya kioo cha dirisha vya sentimita 4 kwa 6. Vioshe kwa sabuni, visuuze, usiviguse tena kwa vidole uso wa juu. Kwenye kinu kidogo (changu ni cha iliki, sasa hakirudi jikoni tena) weka gramu 2 za unga, matone machache ya siki, na spiriti isiyo na rangi kidogo kidogo huku ukisaga, mpaka upate uji mzito kama wa mtoto. Saga dakika 20 kweli. Mabonge ukiyaacha yatabanduka.

Bandika selotepu kwenye kingo mbili za kioo, mimina uji kidogo, upitishe mara moja kwa fimbo ya kioo. Mara moja tu! Ukirudia unachora mistari. Bandua selotepu, acha sahani ikauke mpaka kesho yake, mbali kabisa na moto kwa sababu ya spiriti.

Kisha choma. Washa jiko la mkaa, subiri mkaa uvae majivu, weka chuma cha chapati juu, sahani juu ya chuma, na funika kwa sufuria kuukuu. Tunatafuta joto la nyuzi 450 hivi. Sina kipimajoto cha kufika huko, natumia macho: utando unageuka rangi ya chai ya maziwa, halafu unarudi kuwa mweupe. Ukirudi mweupe hesabu nusu saa, kisha usiondoe kitu. Acha jiko lizimike lenyewe na sahani ilale hapohapo. Niliondoa moja ingali ya moto nikaiweka kwenye sakafu ya saruji, ikapasuka kwa mlio uliomtoa paka nje.

Shaba inatoka kwenye mrututu, ule wa buluu wa wakulima. Yeyusha kiasi cha ncha ya kisu kwenye mililita 100 za maji, tia kijiko cha spiriti, laza sahani humo, weka chini ya taa saa nzima. Itageuka kutoka nyeupe kwenda kijivu chenye uzambarau. Ukiitoa nje rangi inafifia taratibu, kwa kuwa oksijeni inaichukua shaba. Ikirudi mahali pasipo na hewa na taa ikiwaka, inaiva tena. Mimi mabadiliko hayo ndiyo ninayoyaamini kuliko maelezo yote ya dukani. Sahani isiyobadilika rangi itupe, usipoteze nayo usiku. Unga wa muuza rangi haukubadilika hata kidogo, ningekuwa na akili ningejua siku ileile.

Chupa

Tafuta chupa mbili za jamu zinazofanana, zenye mililita 400 hivi. Kila kifuniko kitoboe matundu mawili, pitisha mipira ya dripu, ziba kwa silikoni ya mafundi vioo na ngoja siku nzima ikauke. Mpira mmoja ufike chini kabisa, mwingine uishie chini tu ya kifuniko. Mpira wa dripu una kile kigurudumu cha kupunguza na kufunga, na hapa kinafaa kuliko bomba lolote la maabara.

Weka sahani moja katika kila chupa, imeinuliwa kwa vipande viwili vya kioo ili isiguse maji. Funga. Sasa lazima utoe hewa, kwa sababu oksijeni ni mwizi wa elektroni, na pia kwa sababu haidrojeni ikichanganyika na hewa kuanzia asilimia 4 hadi 75 inawaka, tena kwa cheche usiyoweza hata kuiona. Gesi ya nitrojeni sina. Nilitumia hewa ukaa: siki na bikabonati, ile ya kwenye keki, ndani ya chupa ya soda, ikipitishwa kwa mpira mrefu. Hewa ukaa ni nzito, inajaa kutoka chini na kuisukuma hewa itoke kwa mpira mfupi. Endelea dakika kumi, ukiongeza siki. Kiberiti kilichowashwa kwenye mdomo wa mpira mfupi kikizimika papo hapo, umefika. Fanya kipimo hicho cha kiberiti sasa, spiriti ikiwa bado haijaingia ndani.

Hapo ndipo unaingiza, kwa bomba la sindano kupitia mpira mrefu, mililita 16 za maji ya bahari yaliyochujwa kwa kitambaa na mililita 4 za spiriti. Yangu niliyachota Raskazone asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Funga mpira mrefu, na kwenye mfupi unganisha bomba la sindano la mililita 60 ili gesi ikipanuka ipate pa kwenda. Laza chupa zote mbili, ziinamishe kidogo dimbwi likae upande wa kitako. Moja izungushie foili mpaka isionekane. Zote mbili zikae chini ya taa ileile, kwa muda uleule.

Sisi tuliwasha saa 1 usiku tukazima saa 7 usiku. Kuna siku umeme ulikatika saa 3, nikafuta usiku mzima kwenye daftari, kijana akanuna. Bomba likipanda, liache lipande. Usiandike kitu mpaka asubuhi, chupa zimepoa na kulingana na hewa ya chumbani.

Kupima

Ndani ya chupa sasa kuna hewa ukaa nyingi, mvuke wa spiriti, hewa kidogo iliyobaki, na haidrojeni, kama ipo. Namna ya kuitenga niliipata nikimtazama shangazi yangu mimi akikunja tambuu: chokaa. Chokaa inaimeza hewa ukaa, na maji yake yanamchukua spiriti. Haidrojeni haimezwi na chochote humo.

Koroga vijiko vya kutosha vya chokaa ya kupaka nyumba kwenye beseni la maji mpaka iwe nyeupe kama tui. Vaa miwani, chokaa jichoni si mchezo. Jaza silinda ya kupimia ya mililita 100 kwa tui hilo, igeuze kichwa chini ndani ya beseni bila kuingiza hewa. Chomoa bomba la sindano, mpira mfupi uingie chini ya mdomo wa silinda. Mpira mrefu unganisha na chupa ya maji iliyoning'inizwa juu, kama mgonjwa wa dripu. Fungua kigurudumu kidogo sana. Maji yanaingia, gesi inatoka povu moja moja, na utaona povu likipanda linasinyaa njiani. Ukifanya haraka silinda itajaa hewa ukaa kabla chokaa haijala. Itikise mara kwa mara. Chupa moja ilinichukua dakika 40.

Kilichobaki juu ya silinda, kiasi ambacho hakipungui tena hata ukitikisa, ndicho kipimo chako. Chupa ya giza ilibakisha mililita 6. Hiyo ni hewa tuliyoshindwa kuifukuza. Chupa ya mwanga ilibakisha 10. Kwa hiyo haidrojeni yetu ya saa sita ni mililita 4, huenda zaidi kidogo, maana kwenye mwanga ile oksijeni iliyobaki inaliwa na pengo lake halionekani kwenye hesabu. Kijana akauliza: je, kama ni kioo cheupe kisicho na unga, chini ya mwanga? Swali zuri kuliko langu lolote wiki ile. Tukafanya. 6.

Ziba mdomo wa silinda kwa kiganja, igeuze, sogeza njiti inayowaka, toa kiganja. "Pu." Mlio mdogo kama wa mtu anayepuliza mshumaa, na mwali wenyewe mchana huuoni. Kwa mililita hizo chache hakuna hatari zaidi ya kushtuka. Usikusanye za siku nyingi kwenye chombo kimoja ili upate mlio mkubwa.

Sasa nikaharibu sherehe. Nikamwambia turudie bila spiriti, maji ya bahari matupu, kama ulivyoandika kwenye kichwa cha kazi yako. Tukarudia usiku mbili. Giza 6, mwanga 6. Usiku wa pili vilevile.

Maana yake ni kwamba spiriti ndiyo ilikuwa inakijaza kile kiti chenye njaa. Inatoa elektroni kwa urahisi kuliko maji, na sehemu kubwa ya haidrojeni yetu ilitoka kwake. Titani yenye shaba, mbele ya mvuke mtupu, inafanya kidogo mno kwa silinda ya shule kuona. Nilimlazimisha aandike hivyo, na kichwa cha kazi kikabadilika kuwa "mvuke wa maji na spiriti". Alinuna mara ya pili.

Kupasua maji matupu kwahitaji unga mwingine. Huko Japani, mwaka 2020, walionyesha titanati ya stronti iliyotiwa alumini, ikibebeshwa rodi, kromi na kobalti, ambayo ilitumia karibu asilimia 96 ya mwanga wa nanomita 350 hadi 360 kupasua maji. Mwaka uliofuata wakaeleza paneli za unga huo zenye mita za mraba 100 zilizowekwa juani: nguvu ya jua iliyogeuka haidrojeni haikuvuka asilimia 0.76, kwa kuwa urujuanimno ni sehemu ndogo tu ya jua.

Na sisi? Tulipiga hesabu ya chai. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 kunataka haidrojeni karibu lita 32, ikiwa hakuna joto linalopotea. Kwa mililita 4 kila saa 6, taa ya kucha iwake mfululizo miaka mitano na nusu. Fundi umeme wa mtaa wetu alicheka, akasema si uweke paneli ya sola na nyaya mbili majini? Ni kweli, kwa wingi wa haidrojeni hiyo ndiyo njia. Ila asitumie maji ya bahari ndani ya chumba: nyaya zitamtolea klorini, na klorini inachoma mapafu.

Maji ya mrututu usiyamwage mtaroni, yanaua samaki. Changanya na chokaa iliyobaki, shaba itatua chini kama ute wa buluu. Mwaga maji ya juu, ute ukaushe, ufunge kwenye mfuko na uandike jina lake. Chupa zioshe kwa siki, chokaa itaachia.

Taa nimeirudisha saluni. Dada alinipokea na shikamoo, akaiwasha, akaingiza vidole vyake akaangalia kama mirija yote minne bado inawaka, kisha akaniuliza kama nimepata mafuta. Nikamwambia mililita 4. Akaniuliza za petroli ngapi.